Stesheni ya zamani ya reli Nairobi: mwongozo wa mgeni

Kosa la kwanza la mgeni hutokea kabla hajafika. Ana tiketi ya treni ya Mombasa, anamwambia dereva wa teksi "nipeleke stesheni ya reli", na dereva, ambaye hakuambiwa zaidi, anamshusha mjini mwisho wa Moi Avenue. Stesheni ipo, tena ndiyo yenyewe iliyozaa jiji, lakini treni ya Mombasa haiondoki hapo. Inaondoka Nairobi Terminus, upande wa Syokimau, kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji. Ukigundua hilo ukiwa umebakiza dakika arobaini, na Mombasa Road imefunga, basi treni imekwisha kukuacha.

Sababu ni kwamba Nairobi ina reli mbili zisizopatana. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya kisasa, ambayo kila mtu huiita SGR, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine, kwa hiyo SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 ilijengewa kituo chake nje ya mji. Stesheni ya zamani ikabaki na treni za mitaani, safari chache za mbali, na makumbusho yake. Mwongozo huu ni wa hiyo ya zamani, pamoja na namna ya kuitumia kama daraja la kufikia ile mpya.

Kwa nini iko bondeni

Ukijua sababu ya stesheni kuwekwa pale, utaelewa nusu ya ramani ya Nairobi bila kuuliza mtu.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Vyuma vilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899, baada ya kilomita 530 hivi. Mji haukuwepo. Palikuwa na tambarare yenye matope na mafunjo kando ya mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi. Wahandisi hawakufuata uzuri wa mahali. Mbele yao ardhi ilianza kuinuka: kutoka hapa, takriban mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, njia inapanda hadi Kikuyu na Limuru halafu inaporomoka kuingia Bonde la Ufa. Walitaka uwanja wa mwisho ulio sawa, wenye maji ya kujazia injini, ambapo wangepanga mabehewa na kurundika vyuma na mataruma kabla ya kuukabili mlima. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka huohuo, na mji ukafuata kambi.

Sasa simama mbele ya stesheni uipe mgongo. Barabara inayonyooka mbele yako ni Moi Avenue, zamani Government Road, uti wa mgongo wa mji wa kwanza. Inayokatiza mbele ni Haile Selassie Avenue, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Whitehouse Road kwa jina la George Whitehouse, mhandisi mkuu wa ujenzi. Wakubwa wa reli walijengewa kilimani, upande wa kushoto kwako, ndiyo Upper Hill ya leo. Wafanyakazi wa chini waliwekwa Muthurwa, upande wa kulia, ardhini kulekule kwenye matope. Safu za vyumba vyao ziliitwa landhies, na Landhies Road imebaki na jina hilo hadi sasa. Matope nayo hayajaenda popote: udongo mweusi wa hapa ukinyeshewa hunata kiatuni kama ugali mbichi, na utaukuta tena uwanjani mwa makumbusho.

Kufika

Kwa matatu ni rahisi kuliko kwa teksi. Mwambie makanga "Railways", neno moja tu. Stesheni na steji ya matatu iliyo mbele yake zinashiriki jina hilo, na magari mengi ya Rongai na Ngong hupakia hapo. Ukiwa mjini tayari, tembea. Kutoka Kencom, steji kubwa ya mabasi katikati ya mji, unafuata Moi Avenue kuelekea kusini na kwa mwendo wa kawaida ni dakika kumi hivi. Palipo makutano na Haile Selassie Avenue subiri askari wa trafiki asimamishe magari, kisha vuka na kundi. Usivuke peke yako ukidhani taa ya kijani inakulinda.

Mita mia mbili za mwisho ndizo za kuangalia mfuko. Steji imejaa wachuuzi, mikokoteni, makanga wanaovutana na abiria, na watu ambao kazi yao ni kunyakua simu ya mtu aliyesimama akitazama ramani. Soma ramani kabla ya kufika, weka simu mfuko wa ndani, begi lije mbele. Akija mtu kukushika mkono akisema atakuonyesha treni, sema "Asante, najua njia", endelea kutembea. Wafanyakazi wa reli hawatafuti wateja barabarani.

Langoni kuna ukaguzi wa usalama. Fungua begi mwenyewe kabla hujaambiwa, salimia kwanza: "Habari ya kazi, afande." Salamu hiyo inapunguza maswali kwa nusu. Eneo zima limo kwenye mpango wa Nairobi Railway City, wa ekari 425, kwa hiyo usishangae ukikuta njia ya miguu imezungushiwa mabati na mlango umesogea. Fuata vibao na watu wenye haraka. Hao ndio abiria wa kila siku.

Jengo lenyewe halijivuni. Ni jengo pana, fupi, lililokusudiwa kazi, na anayetarajia kuba na minara atatoka amevunjika moyo. Kinachostahili muda wako kiko nyuma yake: majukwaa marefu yenye paa, njia nyingi za reli zilizolala sambamba, na nafasi ile pana ambayo hakuna jiji lingejaliwa kuwa nayo katikati yake kama reli isingetangulia.

Kuiona stesheni ikifanya kazi

Mtu asiye na tiketi hana sababu ya kuwa jukwaani, na askari atakueleza hivyo. Njia rahisi kabisa ya kuingia kihalali ni kusafiri. Tiketi ya treni ya mitaani ni ya bei ya chini, na pamoja nayo unapata haki ya kusimama jukwaani bila kuulizwa unatafuta nini.

Lakini wageni wengi huipanga safari hii kinyume. Treni za mitaani zimetengenezewa mfanyakazi: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Ukifika stesheni saa nne asubuhi ukitaka kwenda na kurudi, utakuta majukwaa yamelala. Ukipanda jioni utasafiri vizuri, ila kurudi huenda ikakubidi upande matatu gizani. Kwa hiyo geuza: asubuhi na mapema panda matatu au teksi hadi Syokimau, halafu uingie Nairobi kwa treni. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, ina maegesho, na njiani utapita Imara Daima na Makadara. Utaiona Nairobi kwa mgongo wake, yaani viwanda, maghala, nyua za nyumba na nguo zilizoanikwa, kisha treni itapunguza mwendo kwenye msitu wa njia za reli na kukushusha mjini pamoja na maelfu ya watu wanaokwenda kazini. Hakuna namna bora ya kuijua stesheni hii.

Njia nyingine za mitaani zinakwenda Embakasi Village, Ruiru, Kikuyu na kwingineko. Ya Kikuyu ina mandhari kwa sababu inapanda, nayo hupita ndani ya Kibera. Usizitegemee treni hizi Jumapili wala sikukuu, na Jumamosi huwa chache.

Kuhusu ratiba, tahadhari moja inayowakuta hata Waswahili wenyewe. Vibao huandikwa kwa saa za kizungu, na mtu wa dirishani anaweza kukujibu kwa Kiswahili. Kibaoni 0630 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akikwambia "saa kumi na mbili u nusu" nawe ukaandika 12:30, utakuja mchana kutazama vyuma vitupu. Rudia kwa kutaja wakati wa siku: "Asubuhi, siyo?" Anayeuliza jukwaa aulize mfanyakazi mwenye sare, kwa heshima ya kawaida ya mjini: "Samahani mkubwa, ya Syokimau inaingia jukwaa gani?" Beba noti ndogo au uwe na pesa kwenye M-Pesa. Ukitoa noti ya 1,000 kwa nauli ndogo saa ya msongamano, foleni nzima itakuchukia.

Na usiruke reli. Utawaona wenyeji wakikata njia kupitia kwenye vyuma kana kwamba ni kichochoro. Wao wanajua ni njia ipi imelala na ni ipi hai. Wewe hujui, na treni ya dizeli ikirudi kinyumenyume hupiga kelele kidogo kuliko unavyofikiri.

Ukiwa na safari ya Mombasa

Kutoka stesheni ya zamani kuna treni za kuunganisha zinazokwenda hadi Nairobi Terminus, zimepangwa kukutana na nyakati za SGR. Ndiyo njia inayoshinda foleni ya Mombasa Road, na ndiyo sababu pekee ya mwenye tiketi ya Mombasa kuja mjini kwanza.

Anza na tiketi ya SGR yenyewe: piga *639# kwenye simu, chagua unakotoka na unakokwenda, tarehe, daraja na viti, kisha ulipe kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli kamili ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Andika jina na namba ya kitambulisho au pasipoti kama vilivyo kwenye hati, kwa sababu langoni vitalinganishwa. Sikukuu na mwezi wa Desemba viti huisha siku nyingi kabla, hivyo usije na matumaini ya kununua dirishani.

Siku ya safari, uliza dirishani treni gani ya kuunganisha inaendana na yako, upande hiyo, usingoje inayofuata. Hapo kuna mtego mdogo: Syokimau na Nairobi Terminus ni stesheni mbili tofauti. Ukimuuliza abiria "hii inaenda Syokimau?" atajibu ndiyo, na utashuka Syokimau na masanduku yako huku kituo cha SGR kikiwa mbele. Uliza hivi: "Inafika Terminus?" Hesabu uwe Terminus saa nzima kabla ya kuondoka. Pale mizigo hupangwa sakafuni kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse, halafu mashine, halafu tiketi, na kila hatua ina foleni yake. Visu, vinywaji vikali na vitu vya kulipuka havipiti.

Anayerudi kutoka Mombasa usiku afikirie mara mbili kabla ya kuunganisha hadi mjini. Eneo la Railways likishafunga maduka si mahali pa kutafuta hoteli ukivuta sanduku la magurudumu. Chukua teksi Terminus.

Makumbusho ya Reli

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo wageni wengi hutumia nusu saa badala ya saa mbili na nusu. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Kwenda, rudi Haile Selassie Avenue, elekea upande wa Uhuru Highway, kisha ingia kushoto kwenye njia inayoshuka nyuma ya uwanja wa reli. Ni kama dakika kumi kwa miguu. Usijaribu kukata kutoka jukwaani.

Njoo asubuhi, milango inafunguliwa saa mbili. Kabla ya saa tano jua halijachoma chuma. Baadaye vishikio vya injini havishikiki, na ndani ya behewa la mabati ni tanuri. Vaa viatu vilivyofunika vidole: uwanja una kokoto, vipande vya chuma na mafuta ya zamani, na kati ya Machi na Mei una matope niliyokwisha kuyataja. Kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkaazi na mgeni, kwa hiyo Mkenya asiyebeba kitambulisho anajitafutia mjadala dirishani.

Anza ndani, penye ramani, picha na vyombo vidogo, ukiwa bado na subira. Watu hukimbilia injini kwanza, wakirudi ndani miguu inauma na hawasomi kitu. Tafuta herufi zilizochongwa kwenye vyombo, benchi na vibao, maana zinakupa umri wa kitu bila maelezo. U.R. ni Uganda Railway, jina la mwanzo la reli ambayo sehemu kubwa yake haikuwa Uganda. K.U.R. ni Kenya na Uganda, kuanzia miaka ya 1920. E.A.R. & H. ni reli na bandari za Afrika Mashariki, baada ya Tanganyika kuunganishwa mwaka 1948. E.A.R. peke yake ni baada ya bandari kutengwa mwaka 1969, ingawa kwenye ubavu wa injini herufi hizo tatu zilitumika hata kabla. K.R. ni Kenya peke yake, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977.

Kwenye picha za ujenzi, angalia nyuso. Kutoka India waliletwa wafanyakazi karibu 32,000. Waliokufa ni karibu 2,500, wastani wa wanne kwa kila maili ya njia mpaka Kisumu. Simba wawili wa Tsavo, waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli, waliua sehemu ndogo sana ya hao, japo ndio wanaosimuliwa. Na ukiulizwa na watoto simba wale wako wapi, waambie hawako hapa. Wamejazwa na kuwekwa Chicago, Marekani.

Kilichoko hapa ni behewa namba 12, la simba mwingine. Juni 1900, msimamizi wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliwekwa na wenzake wawili kwenye njia ya pembeni pale Kima, stesheni ndogo kati ya Nairobi na Mombasa, wamvizie simba aliyekuwa akiwala wafanyakazi. Usiku, zamu ikiwa yake, usingizi ulimchukua. Simba aliingia kupitia mlango wa kusukuma, behewa likainama kwa uzito wake, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Akabaki ndani na watu watatu. Akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani. Ukiwa mbele ya behewa hilo usisome kibao tu. Pima dirisha kwa mikono yako, kisha utazame upana wa chumba. Hapo habari inakuwa nyingine.

Toka nje sasa. Vichwa vya treni vimepangwa juani, na vingi vina namba ya tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni aina ya injini, mbili za mwisho ni namba yake katika aina hiyo. 3020 ni injini ya 20 ya aina ya 30. Soma pia majina yaliyo ubavuni, kwa sababu reli ilizipa injini majina ya watu na milima ya nchi zote tatu: 2921 ni Masai of Kenya, 3020 ni Nyaturu, watu wa Singida, na 3123 ni Bavuma, watu wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Jumuiya ilivunjika, mali ikagawanywa kwa ugomvi, na majirani hawa bado wamesimama pamoja kwenye uwanja mmoja. Mtanzania anayetembelea Nairobi akimkuta Nyaturu hapo hupiga picha mbili.

Halafu nenda kwa 5918, Mount Gelai, mlima ulio Tanzania karibu na Ziwa Natron. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu, uwe huu. Ni moja ya injini 34 za aina ya 59 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizi iliyowahi kujengwa kwa reli ya milimita 1,000. Ina tani 252 na urefu wa karibu mita 32.

Usisimame mbele yake. Simama ubavuni, rudi nyuma hatua ishirini, uhesabu magurudumu ya upande mmoja kutoka kushoto: madogo mawili, makubwa manne, dogo moja. Kisha nafasi tupu. Kisha dogo moja, makubwa manne, madogo mawili. Jumla kumi na nne. Hiyo nafasi tupu ndiyo siri yote. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi unanenepesha boila, ila magurudumu yaliyo chini yanakuzuia, na uzito unazidi uwezo wa reli. Hii imegawanywa: magari mawili, moja kila mwisho, kila moja na silinda zake mbili, na boila imeninginizwa katikati juu ya fremu inayoegemea hayo mawili kama daraja juu ya nguzo. Chini ya boila hakuna kitu, kwa hiyo inaweza kuwa nene na tanuri lake likawa pana na la kina. Kwenye kona kila gari linajipinda peke yake, na boila inakata kona kwa ufupi. Uzito nao umetandazwa juu ya ekseli kumi na nne. Njia yenye kona kali na miinuko mirefu, kutoka baharini hadi Nairobi, haikuweza kudai mashine nyingine.

Piga magoti kidogo pale fremu ya mbele inapokutana na ya katikati, uone egemeo. Limeviringa, na pengo lililoachwa pembeni linakuonyesha injini iliruhusiwa kujipinda kiasi gani. Tangi la mbele ni la maji. La nyuma lina mafuta mazito pia, maana injini hizi zilichoma mafuta, si makaa wala kuni. Kwa hiyo ukiingia chumba cha dereva usitafute sepetu. Tafuta mlango wa tanuri, mabomba ya mafuta na gurudumu dogo la kuyapunguza. Inua macho kwenye bomba la moshi. Kwenye baadhi ya injini hapa halina umbo la duara, limebapa kama mdomo wa bata. Hiyo ni Giesl, uvumbuzi wa mhandisi wa Austria: mvuke uliotumika hutoka kwa vitundu vingi vilivyopangwa mstari, unavuta hewa zaidi kupitia tanurini, na mafuta yanaungua vizuri zaidi.

Panda tu penye ngazi. Shika kwa mikono miwili na ushuke kinyumenyume, kama mtu anayeshuka mnazi. Vyuma vya sakafu kwenye baadhi ya mabehewa vimeliwa na kutu, hivyo kanyaga karibu na ukingo, si katikati. Usivute vyuma vya kuendeshea. Vingi vimegandishwa na kutu na vikikatika havina vipuri, na kimoja kikiachia ghafla kinaweza kuvunja kidole. Watoto wadogo wanafurahi zaidi chini, kwenye magurudumu, wakijilinganisha kimo.

Zamani wageni wa heshima walifungiwa benchi mbele kabisa ya injini, juu ya chuma cha kusukuma ng'ombe, watazame wanyama wa tambarare. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alisafiri hivyo mwaka 1909. Simama mbele ya injini yoyote hapa, ufikirie vumbi na wadudu, utajua kwa nini mtindo huo haukudumu.

Upande mwingine wa uwanja utakuta mabehewa yaliyopakwa rangi kali. Baadhi yamekuwa studio za wachoraji. Piga hodi. Wengi hawachukii kuonwa wakifanya kazi, ila si ustaarabu kumpiga mtu picha ukaondoka bila hata kuuliza bei ya kazi yake.

Picha, chakula na yaliyo karibu

Ndani ya makumbusho picha za simu hazina shida. Mwenye kamera kubwa, tripodi au kikundi cha harusi aulize dirishani kwanza, maana kuna malipo. Stesheni ni habari nyingine: jukwaa, askari na magari ya kazi huhesabiwa mambo ya usalama. Omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, na ukikataliwa usipige kwa kujificha. Picha za steji ya matatu kutoka dirishani mwa treni zinatoka vizuri zaidi, na hakuna anayekukaripia.

Mnara wa kumbukumbu ya Agosti 7 uko makutanoni, Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Hapo palikuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, wakafa watu 213. Ni bustani tulivu, na baada ya kelele za steji utaihitaji. Chakula cha bei ya mfanyakazi kiko Muthurwa na pande za Marikiti, soko la Wakulima: chapati na maharagwe, githeri, mahindi ya kuchoma. Nenda mchana, bila begi kubwa.

Safari za reli ya zamani kwenda mbali zimerudi kidogokidogo: Nanyuki tangu Desemba 2020 na Kisumu tangu Desemba 2021. Ni treni za siku chache kwa wiki, mara nyingi za kuanza na kumaliza wikendi, kwa hiyo uliza dirishani wiki moja kabla. Ya Kisumu hutembea usiku kucha na hupanda hadi Mau Summit kabla ya kuteremka ziwani. Beba sweta, hata kama Nairobi jioni hiyo kuna joto, na chakula chako, na maji. Kama itafika mteremko wa Bonde la Ufa kukiwa bado na mwanga, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto unapoelekea mbele, na ukae hapo treni ikishapita Limuru.